Confucius aliyerudi China amerudi nusu

Oktoba 2023 televisheni ya mkoa wa Hunan, alikozaliwa Mao Zedong, ilirusha kipindi ambamo Karl Marx, na ndevu zake zote, anakutana na Confucius. Wazee hao wawili wanazungumza, wanasikilizana, na mwishowe wanaona kwamba tangu zamani walikuwa na fikra zinazoshabihiana. Wengi walicheka, ndani na nje ya China. Ila kipindi hakikuwa mzaha. Kilikuwa kinawaeleza vijana, kwa lugha nyepesi, sera ambayo Xi Jinping ameihubiri kwa uzito wote: fikra za Marx ziunganishwe na utamaduni wa jadi wa Kichina. Xi aliianza kazi hiyo mapema. Novemba 2013, katika mwaka wake wa kwanza wa urais, alikwenda Qufu, mji aliozaliwa Confucius katika mkoa wa Shandong, na Septemba 2014 akahutubia maadhimisho ya miaka 2,565 ya kuzaliwa kwa mwanafalsafa huyo.

Huku kwetu kuna namna mbili za kulipokea jambo hili, na zote nimezisikia redioni na barazani. Ya kwanza ni ya kusifu: Wachina wameendelea kwa sababu wana nidhamu na wanamtii mkubwa, mwalimu wao wa utii ni Confucius, basi nasi tupunguze kelele za vyama na magazeti tufanye kazi. Ya pili ni ya kulaani: Confucius ndiye mzizi wa udikteta wa Mashariki, na kumfufua ni kuwafunga watu minyororo ya kale. Wasemaji wa pande hizi mbili hawapatani kwa lolote, lakini wamekosea mahali pamoja. Wote wanaamini kwamba Confucius alifundisha utii kwa aliye juu. Ninavyomsoma mimi, yeye na wafuasi wake wa mwanzo walimtwisha aliye juu mzigo mzito kuliko wa aliye chini, wakafanya kumkanya mkubwa kuwa wajibu, na walipoulizwa juu ya mtawala mwovu walitoa majibu ambayo watawala waliyaogopa kwa karne nyingi. Kinachofufuliwa Beijing leo ni ile nusu ya mafundisho inayomdai mtoto na mwananchi. Nusu inayomdai mzazi na mtawala imebaki kabatini.

Tuanze na mtu mwenyewe. Confucius aliishi kati ya 551 na 479 KK, wakati China ilikuwa vijidola vinavyopigana bila kupumzika. Alishika wadhifa kwa muda mfupi katika dola lake la Lu, akaondoka, akatangatanga miaka mingi na wanafunzi wake akitafuta mtawala mmoja tu atakayemsikiliza. Hakumpata. Alirudi nyumbani mzee, akafundisha hadi kufa. Ni ajabu kidogo kwamba mtu ambaye watawala wa zama zake hawakutaka kukaa naye ameishia kuwa nembo ya kuwatii watawala. Maneno yake yalikusanywa na wanafunzi katika Lunyu, kitabu cha mazungumzo mafupi mafupi, na humo yapo majibu ambayo wanaomsifu kwa utii huyaruka. Mtawala wa Lu, Ding, alimuuliza kama kuna usemi mmoja unaoweza kuangamiza nchi. Confucius akasema upo unaokaribia: mtawala akisema raha pekee ya utawala ni kwamba hakuna anayempinga. Asemayo yakiwa mema na asipingwe, vizuri. Yakiwa mabaya na asipingwe, huo si usemi wa kuangamiza nchi? Mwanafunzi wake mmoja naye alimuuliza namna ya kumtumikia mtawala. Jibu lilikuwa fupi: usimdanganye, mpinge usoni pake.

Hata kile kifungu kinachonukuliwa sana kuwa ni ushahidi wa ngazi na vyeo, kwamba mtawala awe mtawala, waziri awe waziri, baba awe baba na mwana awe mwana, kinaanzia juu. Anayetajwa kwanza ni mtawala, na aliyekuwa akiambiwa ni mtawala, Jing wa Qi, aliyekuwa ameketi mbele yake. Vivyo hivyo katika familia. Kipo kitabu cha kale kuhusu wajibu wa mtoto kwa mzazi, kinachonasibishwa na Confucius na mwanafunzi wake Zengzi, ambamo Zengzi anauliza kama kumtii baba katika kila jambo ndiko kumheshimu. Mwalimu anang'aka: maneno gani hayo! Baba mwenye mwana wa kumkanya, anasema, haangukii katika uovu. Mwana anayenyamaza baba akipotea hajamheshimu. Xunzi, mfuasi aliyekuja karne mbili na zaidi baadaye, aliyasema kwa ukavu: ifuate njia iliyo sawa, usimfuate mfalme, ifuate haki, usimfuate baba.

Aliyekwenda mbali kuliko wote ni Mencius, wa karne ya 4 KK. Huyu alisema watu ndio wenye thamani kubwa, wakifuatwa na madhabahu za ardhi na nafaka, yaani dola lenyewe, na mtawala ni wa mwisho. Siku moja alimuuliza Mfalme Xuan wa Qi: mtu akimwachia rafiki mke na watoto, arudi safarini akute wameachwa kwenye njaa na baridi, afanye nini? Amwache, akasema mfalme. Na ofisa asiyeweza kuwasimamia walio chini yake? Aondolewe. Na nchi yote ikikosa utawala mwema? Mfalme, kinasema kitabu, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaanza kuzungumza mambo mengine. Mfalme huyohuyo alipouliza kama ni halali raia kumuua mfalme wake, akiwa na maana ya Zhou, mtawala katili wa mwisho wa nasaba ya Shang, Mencius alijibu kwamba amesikia aliuawa mtu mmoja aitwaye Zhou, hajasikia kwamba aliuawa mfalme. Anayeuharibu utu na haki amejivua ufalme kabla hajauawa.

Ndiyo sababu mwaka 1394 Zhu Yuanzhang, mwasisi wa nasaba ya Ming, mtoto wa mkulima fukara aliyepanda hadi kwenye kiti cha enzi, aliamuru kitabu cha Mencius kipitiwe upya. Vifungu 85 vikakatwa, vikiwemo hivyo vya watu na mfalme, na watahiniwa wa mitihani ya utumishi wa serikali wakazuiwa kuulizwa chochote kutoka katika vifungu hivyo. Mkato huo haukudumu sana baada ya kifo chake. Lakini mtawala hakati vifungu 85 vya kitabu kinachofundisha watu kumtii.

Basi utii tunaousikia ukisifiwa ulitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ulitoka kwa wapinzani wa Confucius. Lilikuwepo kundi jingine la wanafikra, akina Shang Yang na Han Fei, walioamini kwamba maadili ni maneno matupu, nchi inajengwa kwa sheria kali, adhabu na tuzo, na mtawala asimwamini mtu, hata mkewe. Dola la Qin liliwasikiliza, likaiunganisha China yote mwaka 221 KK, na mwaka 213 KK waziri wake Li Si akaamuru vitabu vya wafuasi wa Confucius vichomwe. Confucius alikuwa ameikataa njia hiyo kabla haijapata jina: ukiwaongoza watu kwa amri na kuwanyoosha kwa adhabu, alisema, watakwepa adhabu na hawatakuwa na haya, waongoze kwa wema na adabu, watakuwa na haya na watajirekebisha wenyewe. Anayevutiwa na China ya amri na adhabu ana haki ya kuvutiwa. Amtaje tu Han Fei, aliyeiandikia.

Hapa mtu makini atanipinga, na hoja yake ni nzito. Atasema unachagua vifungu vitamu. Yaliyoandikwa vitabuni ni kitu kimoja, historia ya miaka 2,000 ni kitu kingine. Tangu nasaba ya Han ilipoyafanya mafundisho haya kuwa elimu ya dola katika karne ya 2 KK, Confucius alikuwa sauti ya ikulu. Ndipo yalipokuja mafungamano matatu, mtawala juu ya waziri, baba juu ya mwana, mume juu ya mke, na safari hii hakuna aliyesema jukumu linaanzia juu. Mitihani iliyodumu hadi 1905 ilizaa maofisa waliokariri vitabu na kuinama vizuri. Wanawake walifundishwa kumtii baba, kisha mume, kisha mwana. Vijana wa harakati za 1919, walioingia mitaani wakitaka sayansi na demokrasia, hawakuwa wajinga walipotaka “duka la Confucius” livunjwe, yaani mafundisho yake yafagiliwe; walikuwa wakiyasema waliyoyaona nyumbani kwao.

Sehemu kubwa ya hoja hiyo naikubali, na kuhusu wanawake naikubali yote. Hakuna kifungu cha Lunyu kitakachoiokoa mila hiyo. Naongeza hata dosari nyingine ambayo wapinzani wa leo huisahau: upendeleo wa ukoo. Mtawala mmoja alimwambia Confucius kwamba kwao mtu mwadilifu ni yule ambaye baba yake akiiba kondoo, yeye humshtaki. Confucius akajibu kwamba kwao baba humficha mwana na mwana humficha baba, na uadilifu umo humo. Mozi, mwanafalsafa aliyekuja nyuma yake, aliiona hatari ya fikra za namna hii: ukiruhusu kila mtu ampendelee wa kwao, wenye nguvu watapendelea kwa nguvu zao zote, na nchi itageuka mali ya familia. Yeyote anayeijua serikali iliyojaa wajomba na mashemeji hahitaji kuelezwa zaidi. Katika hili Mozi alikuwa sahihi kuliko Confucius.

Lakini historia hiyohiyo ina upande ambao hoja ya mpinzani wangu haiuelezi. Wasomi wa Kichina wenyewe wana usemi kwamba dola lao lilikuwa Confucius kwa nje na watu wa sheria na adhabu kwa ndani. Ila lile vazi la nje halikuwa kitambaa kitupu, maana lilimpa ofisa mnyonge haki ya kusema. Mwaka 1566 ofisa aitwaye Hai Rui alimwandikia Mfalme Jiajing waraka akimwambia kwamba ameacha kazi, anatafuta dawa za kuishi milele, na watu wanateseka. Mfalme aliutupa chini akaamuru akamatwe asije akakimbia. Towashi mmoja akamwambia hatakimbia: ameshanunua jeneza na kuwaaga watu wake. Hai Rui alifungwa, akatoka baada ya mfalme kufa, na jina lake likabaki midomoni mwa wananchi kama la ofisa asiyeogopa. Mwaka 1961 Wu Han, mwanahistoria na naibu meya wa Beijing, aliandika mchezo wa kuigiza kuhusu Hai Rui. Novemba 1965 gazeti la Shanghai likautuhumu mchezo huo kwamba ni fumbo la kumsema Mao, na shambulio hilo likawa filimbi ya Mapinduzi ya Utamaduni. Wu Han alikufa gerezani mwaka 1969. Mwaka mmoja baada ya shambulio hilo, Walinzi Wekundu, vijana wafuasi wa Mao, walikuwa Qufu wakivunja na kufukua makaburi ya ukoo wa Confucius. Serikali iliyomkuta Confucius akiwa mtumwa wake mtiifu isingehangaika hivyo na mifupa ya wajukuu zake. Na hata Chama cha Kikomunisti cha leo mkono wake hutetemeka: Januari 2011 sanamu yake ya shaba yenye urefu wa mita 9.5 ilisimamishwa nje ya Makumbusho ya Taifa, karibu na Uwanja wa Tiananmen, na Aprili ikaondolewa usiku bila maelezo.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ya uchumi, na ndiyo inayopendwa zaidi kwetu: China imetajirika kwa sababu ya Confucius. Mwaka 1915 Max Weber, mwanasosholojia Mjerumani, alianza kuchapisha maelezo yake kwamba mafundisho ya Confucius ni miongoni mwa mambo yaliyoizuia China kuzaa ubepari wa kisasa. Miaka ya 1980, Korea Kusini, Taiwan, Hong Kong na Singapore zilipopaa, wataalamu wengine wakasema ni Confucius huyohuyo aliyezipaisha. Kitu kilichokuwepo wakati wa ufukara na kikawepo wakati wa utajiri hakiwezi kuwa ndicho kilicholeta tofauti. Korea Kaskazini na Korea Kusini zina mababu walewale na vitabu vilevile. Na anayetaka kujua mageuzi ya China yalianzaje aangalie kijiji cha Xiaogang mkoani Anhui, mwishoni mwa 1978, ambako wakulima 18 walitia alama za vidole kwenye karatasi ya siri ya kugawana mashamba ya ushirika kwa kaya, kinyume cha sheria, wakiahidi kwamba viongozi wao wakifungwa, wengine watawalea watoto wao. Mavuno yaliongezeka, wakubwa wa mkoa wakafumba macho, kisha sera ya taifa ikawafuata. Mfano bora wa maendeleo ya China ulianza kwa uasi, na chama chenyewe huuonyesha kijiji hicho kwa fahari.

Mjadala huu una historia nje ya China pia. Mwaka 1994 Lee Kuan Yew, waziri mkuu wa zamani wa Singapore, katika mahojiano na jarida moja la Marekani, alitetea jamii za Asia zenye utaratibu dhidi ya uhuru wa mtu mmojammoja wa Magharibi. Mwaka huohuo, katika jarida lilelile, Kim Dae-jung wa Korea Kusini, mpinzani aliyewahi kuhukumiwa kifo mwaka 1980, alimjibu kwa kumnukuu Mencius: fikra ya kwamba watu wanaweza kumwondoa mtawala mbaya ilikuwepo Asia kabla ya John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, kuzaliwa. Miaka mitatu baadaye Kim alichaguliwa rais. Nyuma zaidi, mwaka 1948, Peng Chun Chang, Mchina aliyekuwa makamu wa Eleanor Roosevelt katika tume iliyoandika Tamko la Haki za Binadamu, aliyapeleka mawazo ya Confucius mezani, na kwa mchango wake ibara ya kwanza haikuishia kwenye akili peke yake: binadamu wote, inasema, wamejaliwa akili na dhamiri. Korea Kusini, nchi iliyokuwa chini ya mafundisho haya kwa miaka 500 ya nasaba ya Joseon na iliyokuwa na ofisi maalumu ya kumkanya mfalme, ilimwondoa Rais Yoon Suk-yeol kwa uamuzi wa Mahakama ya Katiba Aprili 2025, miezi minne baada ya rais huyo kutangaza sheria ya kijeshi. Simaanishi kwamba Confucius ndiye aliyemwondoa. Nikisema hivyo nitakuwa nimefanya kosa lilelile la watu wa uchumi. Inatosha kuona kwamba hakuwazuia Wakorea.

Msomaji wa Kiswahili hapaswi kuona haya yote kama mambo ya mbali. Waliosema mkubwa ni jalala hawakuwahi kuisikia Lunyu, lakini walijua kwamba ukubwa ni kubeba taka za wengine, na waliosema heshima si utumwa walijua mpaka uko wapi. Kwetu pia misemo hii husahauliwa haraka, na ile ya kumnyamazisha mdogo hukumbukwa. Taasisi za Confucius zipo Nairobi tangu 2005, na Dar es Salaam na Dodoma tangu 2013. Zinafundisha lugha, na vijana wetu wanaisoma kwa sababu nzuri za ajira. Kibaha kuna shule ya uongozi iliyojengwa kwa msaada wa chama tawala cha China na kufunguliwa mwaka 2022 kwa ajili ya vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, CCM ikiwemo. Kada anayetaka kujifunza kutoka China ana mengi ya maana ya kujifunza, kuanzia mashamba hadi reli. Akirudi na Confucius wa utii, amerudi na bidhaa ambayo hata huko kwao ilitengenezwa kwa mkasi.

Gharama ya nusu hii haiko kwenye mijadala ya vyuo tu. Wazee wa China wanailipa. Julai 1, 2013 ilianza kutumika sheria iliyorekebishwa ya kulinda haki za wazee, inayotaka watoto wanaoishi mbali kuwatembelea wazazi mara kwa mara. Siku hiyohiyo mahakama ya Wuxi iliamuru binti mmoja amtembelee mama yake wa miaka 77 angalau mara moja kila miezi miwili. Magazeti yakaandika kwamba maadili ya Confucius yamerudi. Ni kweli wajibu wa mtoto ni wake. Kuulazimisha kwa hukumu ya mahakama ni kufuata ile njia ya amri na adhabu aliyoikataa Confucius. Na Mencius alikuwa ameshaeleza ni nani anayetangulia kudaiwa. Mtawala mwema, alimwambia Xuan, huhakikisha kwanza kila kaya ina riziki ya kutosha kuwalisha wazazi na watoto, wazee wanavaa hariri na kula nyama, na wenye mvi hawabebi mizigo barabarani. Kuwaacha watu bila riziki kisha kuwaadhibu wakikosea ni kuwategea wavu.

Pima China kwa kipimo hicho. Dola ndilo lililoamua kwa miaka 35, kuanzia 1980, kwamba familia nyingi ziwe na mtoto mmoja, ambaye leo ana wazazi wawili na pengine babu na bibi wanne wa kuwaangalia. Dola ndilo linaloshikilia hukou, mfumo wa usajili wa kaya unaomfanya kibarua kutoka kijijini ajenge Shenzhen bila kuwa na haki kamili ya huduma za Shenzhen, kwa hiyo mama hubaki kijijini. Vibarua wa aina hiyo wanakaribia milioni 300. Mwisho wa 2024 watu wenye miaka 60 na zaidi walipita milioni 310. Mzee wa kijijini hupata pensheni ya wastani wa yuan 200 na kitu kwa mwezi. Aliyestaafu kazi ya kampuni mjini hupata zaidi ya 3,000. Tangu Januari 2025 umri wa kustaafu unapandishwa polepole kwa miaka 15, wanaume kutoka 60 hadi 63, wanawake kutoka 50 au 55 hadi 55 au 58, na huenda hesabu za mifuko ya pensheni zinalazimisha hivyo. Julai 2024 serikali ilitangaza mpango wa miaka mitano wa kulegeza hukou katika miji mingi, ingawa miji mikubwa kabisa kama Beijing na Shanghai bado inachuja wa kuwapokea. Mpango huo haukupata kipindi cha televisheni. Ukitekelezwa hadi mwanamke wa Anhui aweze kumhamishia mama yake mjini na kumtibia huko kama wenyeji wanavyotibiwa, hakuna hakimu atakayehitajika kumkumbusha amtembelee.